Mhariri, msiandike tena kwamba uchoraji uko kwenye damu

Ndugu mhariri, salaam kwako na kwa timu yako nzima ya gazeti. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni kuchora mandhari, yani milima, mabonde, mito, anga, miti, vitu vya nje hivyo, na mama yangu naye alikuwa mchoraji wa hayo hayo. Naandika kwa sababu kila likitoka andiko kuhusu mchoraji ambaye mzazi wake pia alichora, na hili si kwenu peke yenu, lazima nikutane na ile sentensi, kipaji amekirithi, kipo kwenye damu, mtoto wa nyoka ni nyoka, halafu makala inaendelea na sifa mpaka mwisho na hakuna hata mstari mmoja unaosema huyo mtu anachora vipi, mzazi alimwachia nini hasa, na akitoka nje anaangalia nini. Naomba nafasi leo niseme kwa nini ile sentensi si kweli na kwa nini inatuumiza sisi tunaoifanya hii kazi.

Tuanze na hiyo damu. Kama kuchora mandhari kungekuwa kunapita kwenye damu basi wakubwa wa hii kazi wangetoka kwenye nyumba za wachoraji, sasa angalia wametoka wapi. Turner wa Uingereza, yule wa bahari zilizochafuka na anga linalowaka, baba yake alikuwa kinyozi London. Corot wa Ufaransa, mama yake alikuwa mshonaji wa kofia za wanawake. John Constable, naye wa Uingereza, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vya kusaga, na alichotaka ni kijana wake ashike vinu, brashi haikuwa kwenye hesabu kabisa. Constable alifanya kazi kwenye vinu vya baba kwanza, ndo baadaye mwaka 1799 akaachiwa kwenda kusomea uchoraji London.

Na hapo kwa Constable pana jambo ambalo mi nalipenda sana. Mtu wa kinu cha upepo hana ujanja, lazima alisome anga, lazima ajue wingu lile linakuja na upepo wa namna gani, kwa sababu upepo ukimkuta hajajiandaa kinu kinaharibika. Sasa miaka mingi baadaye, 1821 na 1822, Constable yuko Hampstead, pale London, anachora mawingu matupu, karatasi baada ya karatasi, na nyuma ya nyingi anaandika tarehe, saa na upepo unatokea wapi. Mi naamini kabisa hiyo tabia ilitoka kinuni kwa baba. Baba hakujua kuchora ila alimpa mtoto kitu ambacho wachoraji wengi wa wakati ule hawakuwa nacho, alimpa sababu ya kuangalia juu kila siku. Sasa hiyo ni damu? Hiyo ni kazi na mazingira bwana.

Halafu huyo huyo Constable akapata mtoto wa mwisho, Lionel, aliyezaliwa 1828. Baba alifariki 1837, kwa hiyo Lionel alikuwa na miaka 9 tu, hajafundishwa chochote cha maana na baba. Ila nyumba ilibaki imejaa kazi za mzee, michoro midogo, mawingu, masomo ya miti, watoto wakaitunza, na Lionel akakua nayo mbele ya macho halafu naye akatoka akaenda kuchora nje. Unajua ikawaje? Miaka ya 1970 watafiti wa sanaa wakagundua kwamba baadhi ya picha ambazo dunia ilikuwa inazihesabu ni za John Constable kumbe ni za Lionel. Zaidi ya karne nzima kazi ya mtoto inasifiwa kwa jina la baba. Mi hiyo habari nikiifikiria nafurahi na kuumia kwa pamoja, nafurahi kwa sababu inaonyesha mtoto anaweza kufika kwa kuishi na picha tu na kwenda nje, naumia kwa sababu maisha yake yote yakamezwa.

Kuna ambao watasema aah lakini familia ya Bruegel, ya kule ambako leo ni Ubelgiji, je, baba mchoraji, watoto wawili wachoraji, wajukuu wachoraji, si damu hiyo? Hapana. Pieter Bruegel yule mkubwa, aliyechora wawindaji wanarudi kwenye theluji na wavunaji kwenye shamba la ngano, alifariki 1569, na wakati huo Pieter mdogo alikuwa na miaka kama mitano na Jan ni mtoto wa kubebwa. Nani kawafundisha? Mwandishi wa zamani aliyeandika maisha ya wachoraji wa huko, Karel van Mander, anamtaja bibi yao mzaa mama, Mayken Verhulst, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji, kwamba ndo alimfundisha Jan kuchora kwa rangi za maji. Na Pieter mdogo akajenga maisha yake yote kwenye kurudia picha za baba, nakala nyingi mno, kwa kutumia michoro iliyobaki. Kwa hiyo kilichopita pale ni mkono wa bibi na makaratasi ya baba. Halafu huyo bibi mnamsikia wapi? Makala ngapi zinazotaja ukoo wa Bruegel zinamtaja yeye? Hili nalo mhariri naomba mlichukue, mara nyingi mzazi au mlezi aliyefundisha ni mwanamke na jina lake halifiki kwenye karatasi.

Na si Ulaya tu. Uchina wakati wa utawala wa Song alikuwepo Mi Fu, aliyezaliwa 1051 akafariki 1107, mwandiko wake unasomwa mpaka leo na anatajwa kama mtu aliyeleta namna yake ya kuchora milima, bila kuzungushia mstari, mlima unajengwa kwa madoa ya wino uliolowa, moja juu ya lingine, ukungu unapita katikati. Sasa ajabu ni kwamba hakuna mandhari hata moja iliyobaki ambayo wataalamu wote wanakubaliana kwamba ni ya mkono wa Mi Fu mwenyewe. Hiyo milima ya ukungu tunaijua kupitia mtoto wake, Mi Youren. Mtoto ndo aliyeibeba kazi ya baba ikatufikia sisi karibu miaka 900 baadaye. Huwezi kubeba kitu namna hiyo kwa damu, unakibeba kwa kukaa chini na kulowesha brashi mpaka mkono ujue kiasi cha maji.

Sasa niseme ninachokijua kwa kuishi. Mama yangu hakuwahi kunishika mkono akaniambia chora hivi. Nilichopata kwake ni vitu ambavyo mtoto wa jirani hakuvipata, na wala si siri. Kwanza vifaa, nilijua mapema kwamba rangi nyeupe ndo inaisha haraka kuliko zote, kwamba brashi ya rangi za mafuta isiposafishwa usiku huo huo asubuhi ni kijiti, kwamba nyeusi ya kwenye tyubu ukiitia kwenye kivuli cha mti kivuli kinakuwa shimo. Pili muda, nyumbani kwetu mtu kukaa anaangalia mlima saa nzima bila kufanya kitu haikuwa uvivu, hakuna aliyekusumbua, na hilo watoto wengi wanaopenda kuchora hawalipati kabisa, wanaambiwa inuka fanya kazi. Tatu maswali. Mama alikuwa akisimama nyuma yangu anauliza, kipi cheusi zaidi, shina au kivuli chake? Maji pale yana mwanga kuliko anga au hayana? Hajibu, anaondoka. Nabaki naangalia upya.

Hayo maswali ndo urithi wenyewe mhariri. Mtu ambaye mzazi wake si mchoraji anaweza kuyapata pengine, na wengi wameyapata. Mchukulie Albert Namatjira wa Australia, Mwaaborijini, yani wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa jamii ya Arrernte. Mwaka 1936 alisafiri kwa ngamia na mchoraji mzungu Rex Battarbee kwa kama miezi miwili, yeye anamwonyesha mwenzie nchi na mwenzie anamwonyesha rangi za maji. Mwaka 1938 Namatjira akafanya maonyesho yake Melbourne na picha zikanunuliwa zote. Miezi miwili ya brashi! Ila ile nchi alikuwa anaijua tangu azaliwe, kila genge na kila mti wa shina jeupe, hapo ndo palikuwa na uzito wake. Na baadaye watoto wake wa kiume wakachora, ndugu zake wakachora, na kitukuu wake Vincent Namatjira mwaka 2020 akashinda tuzo kubwa ya Australia ya picha za watu, Mwaaborijini wa kwanza kuishinda kama mchoraji. Ukiandika hapo damu tu umefuta safari ya ngamia, umefuta nchi, umefuta kila kitu.

Ila nisiseme kana kwamba kuwa na mzazi mchoraji ni neema tupu. Kuna tatizo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa kwenye gazeti lolote la Kiswahili nalo ndo kubwa kuliko yote. Ukikua chini ya picha za mzazi unaanza kuiona dunia kwa picha zile. Mama alikuwa na kijani chake, kijani kizito kidogo chenye njano ya udongo ndani, kizuri sana, na mi kila nikiangalia msitu nilikuwa nauona na kijani kile hata kama msitu wenyewe haukuwa hivyo. Miti yangu ilikuwa ina mikono ya miti yake. Watu wanapita wanasema umefanana na mama yako, wanadhani wananisifu, na mi kwa ndani nilikuwa najua hapa sijaangalia, nimekumbuka tu.

Kitu pekee kinachoweza kukutoa hapo ni kwenda nje. Nje hakuna adabu ya familia, nje mlima haujui mama yako ni nani. Ukikaa mbele yake na ubao wako wa rangi utakataa kila unachotaka kuulazimisha. Mfano mlima wa mbali. Mtoto wa mchoraji anajua tayari kwamba vitu vya mbali vinachorwa vya bluu na vya kufifia, Leonardo da Vinci alishayaandika hayo zaidi ya miaka 500 iliyopita, na sababu yake ni hewa, ile hewa yote iliyoko kati yako na mlima inatawanya mwanga wa bluu zaidi ya rangi nyingine kwa hiyo unaona bluu juu ya giza la mlima. Sawa, umefundishwa, unapaka bluu. Lakini angalia theluji ya kilele cha mbali au wingu jeupe lililo chini kule upeoni, lile haliendi kwenye bluu, linaelekea njano njano, hata rangi ya chungwa kidogo, kwa sababu kinachotoka kwenye kitu cheupe kinapoteza bluu yake njiani. Kanuni moja, matokeo mawili. Hiyo mimi sikuiona kwenye picha ya mama hata moja, niliiona nje.

Au anga. Wengi wanapaka anga bluu ile ile toka juu mpaka chini. Siku safi kaa uangalie, juu ya kichwa ni bluu iliyokolea na kadiri unavyoshuka upeoni inakuwa nyepesi na yenye mwanga. Au maji yaliyotulia, kitu chenye giza taswira yake majini mara nyingi ni nyepesi kidogo kuliko chenyewe, na kitu chenye mwanga taswira yake inafifia. Au kivuli juu ya nyasi mchana wa anga safi, kinapokea bluu ya anga, si cheusi hata kidogo. Na yote hayo unayashika mwanga unakimbia, ukikaa saa mbili vivuli vimehama na picha uliyoianza si iliyo mbele yako, ndo maana Monet wa Ufaransa alikuwa na turubai kadhaa, vile vitambaa vya kuchorea, kwa mara moja anabadilisha kadiri mwanga unavyobadilika. Hii shule haina ada na mwalimu hachoki.

Nataja hili kwa sababu sasa hivi vijana wengi wanachora mandhari kutoka kwenye picha ya simu. Siwalaumu, simu iko mkononi na kwenda nje kuna jua na mvua na upepo unaokupindulia turubai. Ila simu inaamua kabla yako. Ikipendelea anga, miti inakuwa giza tupu, ikipendelea miti, anga linakuwa jeupe halina kitu, wakati jicho lako pale pale lilikuwa linaona vyote viwili. Kijana akichora kutoka simu siku zote anakuwa na mzazi mwingine ambaye hajui kama anamfuata. Simu itumike kukumbusha umbo la tawi, sawa, lakini rangi na mwanga nendeni mkazichukue wenyewe.

Mfano wa mtu aliyelipita hili kwa namna inayonigusa mpaka leo ni Andrew Wyeth wa Marekani, aliyezaliwa 1917. Baba yake, N.C. Wyeth, alikuwa mchoraji maarufu wa picha za vitabu, rangi za mafuta, za moto, mambo makubwa ya maharamia na mashujaa. Andrew alikuwa mtoto wa kuumwa umwa akasomeshwa nyumbani na baba ndo akamfundisha kuchora kwa ukali hasa. Kijana akaja akaegemea rangi inayochanganywa na kiini cha yai, inakauka haraka, inajengwa kwa mistari midogo midogo, na rangi zake za majani makavu na udongo wa baridi, mbali kabisa na moto wa baba. Oktoba 1945 baba akafa, gari lake likagongwa na treni kwenye njia panda ya reli karibu na nyumbani, akiwa na mjukuu wake mdogo. Andrew hakuwahi kumchora baba yake alipokuwa hai na hilo lilimuuma. Alichofanya ni kuchora kilima, kijana mmoja anakimbia kushuka kilima kile, na nyuma ya kilima upande wa pili ndo mahali baba alipofia. Picha inaitwa Winter 1946. Mwenyewe alieleza kwamba kile kilima ndo kikawa sura ya baba. Sasa mhariri, mtu akiandika hapo "alirithi kipaji" atakuwa ameandika nini? Mtoto kaichukua nidhamu ya baba, kaiacha rangi ya baba, na kampata baba kwenye nyasi kavu za kilima. Mi sijui kama kuna kitu kinaweza kusemwa juu ya uchoraji wa mandhari kikawa kizito kuliko hicho.

Hii lugha ya damu inaleta na hasara ya kweli, ya mfukoni. Kuna sehemu moja inayouza picha, sitaitaja, waliniambia nichore kama mama kwa sababu za mama zilikuwa zinaondoka haraka, na waliponiona nasita wakasema si ni damu yako, itakutoka tu. Walikuwa wanaamini kabisa. Nilirudi na picha zangu. Na si mimi wa kwanza kubanwa na jina, mjukuu wa Camille Pissarro, mchoraji mkubwa wa mandhari wa Ufaransa, binti wa Lucien Pissarro ambaye naye alichora mandhari, aliamua kusaini kazi zake "Orovida" basi, bila jina la ukoo, ili zipimwe zenyewe. Naye babu yake alikuwa akimwandikia Lucien barua nyingi mno za kumshauri, zikaja kuchapishwa kitabu. Babu aliyeamini kwamba kuchora ni kitu cha kuelekezwa miaka na miaka kwa barua, huyo hakuwa anategemea damu ifanye kazi.

Kwa hiyo ombi langu liko hivi. Mkipata tena mchoraji wa mandhari aliyetoka kwenye nyumba ya mchoraji, ombeni na picha ya mzazi, iwekeni kando ya picha ya mtoto kwa ukubwa ule ule, wasomaji wataona wenyewe kipi kimechukuliwa na kipi kimeachwa. Tajeni jina la mzazi na alichora kwa rangi gani. Muulizeni mchoraji ni wapi alipogundua kwamba kile alichofundishwa nyumbani hakilingani na kilichoko nje, hilo swali peke yake litawapa makala nzima. Na ikiwezekana muulizeni kuhusu madaftari. Familia nyingi mchoraji akifariki wanahifadhi picha kubwa zenye fremu halafu daftari za skechi zinaachwa kwenye unyevu mchwa wanakula, wakati kwenye daftari ndo mna maswali yenyewe, mshale wa upepo unakotoka, neno moja "asubuhi", doa la kijani lililojaribiwa pembeni. Lionel Constable alibaki na makaratasi ya namna hiyo na yakamtosha. Za mama ninazo, nimezitoa chini nikaziweka juu kwenye sehemu kavu, na kama gazeti litataka kuona daftari la mchoraji linavyokuwa kwa ndani niko tayari kuzileta mzipige picha mzichapishe, hata bila jina langu.

Asanteni kwa nafasi.

Msomaji wenu, mchoraji wa mandhari